Inveta ndogo ya kuchomelea na helmeti inayojitia giza: mwaka mmoja wa kufundisha watoto na mama yao nyumbani

Nimesoma maoni mengi ya hizi mashine ndogo za kuchomelea na karibu yote yameandikwa na mafundi wenzangu, wanaipima kwa kuikomesha, wanaweka ampia mwisho, wanachoma rodi (vile vijiti vya chuma vinavyoyeyuka kuwa mshono) nene za milimita 3.2 mfululizo mpaka taa ya kuonya joto iwake alafu wanasema mashine mbovu. Sawa, kwa kazi yao wako sahihi. Ila mimi sikuinunua kwa kazi ya kutwa, kazini kuna mashine kubwa. Hii niliinunua ikae nyumbani kwa ajili ya kumfundisha binti yangu ana miaka 14, mdogo wake wa kiume ana 11, na mama yao ambaye aliomba mwenyewe maana alichoka kuningojea nirudi kila bawaba ya mlango ikikatika. Kwa hiyo nimeipima kwa mkono mdogo kuliko yote ndani ya nyumba, na majibu niliyopata ni tofauti kabisa na niliyosoma.

Jina la kampuni sitaji. Hizi mashine nyingi zinafanana sana kwa ndani, zinabadilishwa rangi na stika, leo utaikuta nyekundu kesho ya njano, kwa hiyo nataka muangalie sifa zake. Yangu ni inveta ya rodi, yaani mashine nyepesi ya umeme ya kuchomelea, uzito kama kilo 4, ina mkanda wa kubeba begani, stika ya mbele ina namba kubwa ya kuvutia ila bamba dogo la nyuma ndio linasema ukweli: ampia 140 kwa asilimia 30. Maana yake katika kila dakika 10 unachoma dakika 3 ukiwa umeweka 140, zilizobaki unaiacha ipoe. Soma hilo bamba kabla hujalipa, achana na namba ya mbele. Na kwa mwanafunzi hiyo asilimia 30 haina shida hata kidogo, maana yeye anatumia 80 au 85, anachoma rodi moja kama dakika moja hivi, alafu anasimama anagonga magamba (lile ganda gumu linalobaki juu ya mshono), anapiga brashi, anaangalia mshono wake, anauliza maswali, mashine imeshapoa zamani. Mwaka mzima taa ya joto imewaka mara mbili tu na mara zote mbili ni mimi nilikuwa nachoma.

Nianze na helmeti kwa sababu ndio kitu nilichokosea mwanzoni. Ndani ya boksi la mashine kuna ile ngao ya plastiki ya kushika kwa mkono na kioo cheusi, mnaijua. Kwa kufundishia mtoto ile kitu weka pembeni. Kwanza kioo chake hakikuwa na namba yoyote ya kiwango cha giza, na kioo cha kuchomelea kisichoandikwa namba mimi simwekei mwanangu usoni. Kwa rodi za 2.5 unataka namba 10 hivi. Pili, na hili watu hawalisemi, ile ngao inakula mkono mmoja. Mwanafunzi anahitaji mikono yote miwili, wa kulia umeshika holda (kishikio cha rodi) na wa kushoto unauegemeza ule wa kulia usitetemeke, ukimnyang'anya mkono wa kushoto umemnyang'anya nusu ya utulivu wake. Alafu kioo kile ni giza totoro kabla moto haujawaka, mtoto anaweka ncha ya rodi pale anapotaka, anafunika uso, rodi inahama sentimita mbili, moto unawakia mahali pengine kabisa, anachanganyikiwa na kuona hawezi kumbe kifaa ndio kimemwangusha.

Helmeti ya kujitia giza inaondoa hayo yote. Unaivaa, unaona kila kitu kwa rangi ya kijani kidogo, unaweka ncha pale pale unapotaka, unawasha, na kioo kinaingia giza chenyewe kwa muda ambao watengenezaji wengi wanauandika kama sehemu 1 ya 25,000 ya sekunde. Mke wangu aliniuliza swali zuri sana, je betri ikiisha katikati si macho yameenda? Jibu ni kwamba kile kichujio kinazuia mionzi isiyoonekana muda wote hata kikiwa hakijaingia giza, giza linakuja kwa ajili ya mwanga unaoonekana. Bado hutaki kuwakiwa nao usoni, ila sio kwamba umepofuka. Kila siku kabla ya kuanza tunabonyeza kitufe cha kujaribu, mtoto mwenyewe ndio anabonyeza alafu ananionesha kioo, mpaka leo hatujawahi kuruka.

Sasa ukienda kununua angalia sensa, zile nukta ndogo juu ya kioo. Zipo za sensa mbili na za sensa nne. Nilianza na ya mbili. Mtu mzima anayechoma amekaa vizuri hataona tofauti, lakini mtoto anainama, anaingiza kichwa pembeni, mkono wake mwenyewe au kipande cha paipu kinaziba sensa, kioo kinafunguka moto ukiwa unawaka. Binti yangu alipigwa na mwanga hivo mara mbili siku moja na akaogopa wiki nzima, kila akisikia moto umeshika anafumba macho, na mtu aliyefumba macho hajifunzi kitu. Nikanunua ya sensa nne na tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Pia iwe na kirungu cha kuongeza usikivu, maana ukishuka ampia 40 au 50 helmeti za hovyo zinapepesa, giza mwanga giza mwanga. Kichwa cha mtoto ni kidogo, ule mkanda wa ndani ukaufunga mpaka mwisho bado unacheza, tukamvalisha kofia ya pamba chini yake ikakaa. Hiyo kofia inazuia na cheche kwenye nywele.

Na chini ya helmeti kuna miwani myeupe ya kinga, kila mtu, muda wote. Magamba yakipoa yanaruka yenyewe hata hujayagusa, yanaruka ya moto kabisa, na huo ndio wakati kila mtu ameshapandisha helmeti juu anashangilia mshono.

Naomba niseme kilichotupata maana ndio sababu kubwa ya mimi kuandika haya yote. Mwezi wa pili tulikuwa na helmeti mbili, yangu na ya binti. Alikuwa anashikiza fremu ya meza, mke wangu akaja kushikilia skwea paipu isihame, nikamwambia geuza uso, akageuza. Kushikiza kwenyewe kulikuwa nukta kumi na kitu hivi, kila moja sekunde moja au mbili. Ila alikuwa amegeukia ukuta mweupe na mwanga ulikuwa unapiga ukutani unamrudia machoni. Jioni hakuna kitu, amecheka, amelala. Usiku wa manane akaamka analia anasema kuna mchanga kwenye macho, hawezi kufumbua, taa ya chumbani tu inamuumiza. Mafundi wote tunayajua hayo, yanakuja masaa kadhaa baadaye, ndio maana yanadanganya watu, ukiyapata unakuwa umeshasahau ulifanya nini mchana. Asubuhi tukaenda kwa daktari wa macho, akapewa dawa, na ndani ya siku mbili akawa sawa. Lakini mimi niliumia sana, miaka yote naifanya hii kazi alafu nikamwambia mke wangu geuza uso kana kwamba uso ukigeuka ndio kinga. Tangu siku hiyo ni helmeti kwa kila kichwa kilichopo au hakuna moto. Ukuta nimeupaka rangi nzito isiyong'aa. Na tuna utaratibu wetu, anayetaka kuwasha anasema kwa sauti "nachoma", anangoja kila mtu aitike "sawa", hata mimi baba mtu nikiwa na haraka nasema nangoja. Mdogo wao amewahi kunizuia mimi kwa kuwa sikungoja jibu lake na nikamshukuru mbele ya wote.

Kwa hiyo kwenye hesabu yako usihesabu mashine moja na helmeti moja. Hesabu vichwa. Kama hela haitoshi, nunua mashine ya chini zaidi na helmeti nzuri zaidi.

Haya, mashine yenyewe. Kinachoifanya iwe nzuri kwa kujifunzia ni mambo matatu ambayo fundi mzoefu anaweza asiyaone kabisa. Ukigusa chuma ili kuwasha, yenyewe inaongeza ampia kwa kitambo kifupi sana hivo moto unashika kirahisi. Ukisogeza rodi karibu mno na kutaka kuzima, inaongeza tena kidogo kuusaidia moto usife. Na rodi ikinata kabisa kwenye chuma, inashusha umeme, unaizungusha holda kidogo inang'oka, haibaki pale inawaka nyekundu yote huku mtoto anavuta kwa hofu. Mimi nimejifunzia kwenye transfoma ya zamani nzito ya kubebwa na watu wawili, rodi ikinata unapambana nayo, unaachia holda, unakuta rodi nzima ni kama kaa la moto, mwalimu anapiga kelele. Watoto wangu hawajawahi kuonja hofu hiyo na naona wazi jinsi wanavyojifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi.

Ila kosa nililofanya na mashine, siku ya kwanza niliweka ampia 55. Nilifikiri mtoto aanze na moto mdogo, kama vile unavyomwanzishia mtu chochote kwa kidogo kidogo. Aise, saa nzima rodi inanata tu. Inanata, inang'olewa, inanata. Dawa iliyopakwa nje ya rodi imepasuka yote pembeni, binti machozi yanakaribia. Nikaja kukumbuka kwamba rodi ya 2.5 inataka 70 mpaka 90, ukiwa chini ya hapo moto hauna nguvu ya kujishikilia na hata fundi itamnata. Nikapandisha 85, nikampa bamba nene la milimita 6 ambalo halitoboki ovyo, rodi ya tatu tu akapata mshono wa sentimita nne, umepinda, una vishimo, lakini ni mshono. Bamba nene na ampia za kutosha, hapo ndipo pa kuanzia. Bati nyembamba na skwea paipu za milimita moja na nusu waachie miezi ya mbele, zile zinamtoboa hata mkubwa.

Na kabla ya moto tulikaa siku mbili bila kuwasha kabisa. Plagi imechomolewa, rodi ipo kwenye holda, nimechora mstari wa chaki kwenye bamba, mtu anavaa kila kitu, anashusha helmeti alafu anatembeza ncha juu ya mstari. Ugumu wa rodi ni kwamba mkono unakwenda njia mbili kwa wakati mmoja, unasogea mbele kufuata mstari na unashuka chini kwa sababu rodi inafupika kila sekunde. Ncha inatakiwa ikae karibu na chuma kwa umbali kama unene wa rodi yenyewe, milimita mbili na nusu, na ielekee kidogo unakotoka huku unaivuta. Wote wanaoanza wanasahau kushuka, moto unarefuka, unatawanya cheche kila mahali, alafu unakatika. Mazoezi ya plagi nje yanafundisha bega na kiwiko hiyo safari kabla mwanga haujaja kuwachanganya. Kijana wa miaka 11 aliona ni mchezo na akafanya mara nyingi kuliko wote.

Alafu masikio. Kuna siku niliwaambia wote watatu wasiangalie, wamevaa helmeti wamegeuka nyuma, mimi nachoma na wao wananiambia kwa sauti tu kama moto ni mrefu au mfupi. Moto mzuri una mlio mmoja mkavu unaofuatana kama kitu kinakaangwa, ukirefuka unaanza kupumua na kupasuka pasuka, ukiwa mfupi mno unakoroma unakaribia kunata. Baada ya hapo kumfundisha mtu kukawa rahisi maana chini ya helmeti hanioni, lakini mlio tunausikia wote, namwambia sikiliza, na anajirekebisha mwenyewe.

Aliyenishangaza ni mama yao. Binti ana haraka, anataka kumaliza. Mama yao hana haraka na chochote, na siku ya nne alikuwa na mshono uliolala kama mizani ya samaki, mmoja juu ya mwingine, nikaita jirani yangu fundi aje auone. Nilipomuuliza unaangalia wapi akasema "siangalii moto, naangalia pale nyuma yake panapojaa". Hicho kitu wengine inawachukua miezi. Moto unavuta macho, ila kazi iko kwenye kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka nyuma yake, upana wake ndio unakwambia uende au ungoje. Tangu siku hiyo yeye ndio anamfundisha binti hilo jambo kwa maneno yake, mimi nanyamaza.

Mdogo wao hachomi peke yake bado. Najua kuna watu watasema miaka 11 ni mapema mno na wengine watasema wao walianza na 8. Mimi kipimo changu ni kimoja, nikisema "acha" anaacha pale pale au anamalizia kwanza? Siku ya kawaida anaacha. Siku akiwa amechoka au amegombana na dada yake anamalizia kwanza, na siku hizo hashiki holda, anaruhusiwa kupima, kuchora chaki na kupiga brashi. Akishika, mkono wangu uko chini ya wake na anashikiza nukta tu. Anavyouliza sasa! Kwa nini rodi imeandikwa 6013. Nikamweleza, 60 ni nguvu ya kuvutwa, elfu 60 kwa vile vipimo vya pauni na inchi, ile 1 inamaanisha unaweza kuchomea mkao wowote, na 3 ya mwisho ikisomwa pamoja na hiyo 1 inakwambia aina ya dawa iliyopakwa na umeme inaoukubali. Kwa nini ina dawa? Ikabidi nimweleze kwamba dawa ikiungua inatoa moshi na magamba yanayofunika chuma cha moto kisiguswe na hewa, na kwamba Msweden Oscar Kjellberg ndio alianza kupaka rodi dawa mwanzoni mwa miaka ya 1900, na kampuni aliyoianzisha mwaka 1904, ESAB, bado ipo mpaka leo inauza rodi. Akachukua rodi akaigonga dawa yote ikatoka akataka nichome hivo hivo tuone. Nikachoma. Mshono ulitoka kama sponji, vishimo vitupu, na somo lile sijawahi kulirudia.

Rodi za kujifunzia ni hizo hizo 6013 za 2.5, zinakubali kuwasha haraka na zinasamehe. Usimpe mtu anayeanza 7018, ni rodi nzuri yenye nguvu ila inanata kwenye kuwasha upya na inataka ikae kavu sana. Hata 6013 usiziache wazi sehemu yenye unyevu, funga kwenye chombo chenye kifuniko.

Kuhusu moshi nitakuwa mkali kidogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2017 liliweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mimi nimeuvuta miaka mingi na sijivunii, watoto wangu hawatauvuta. Tunachoma nje chini ya paa lililo wazi pande tatu, upepo ukipiga kutoka ubavuni, kichwa nje ya ule mnara wa moshi, na barakoa ya kuchuja moshi chini ya helmeti. Binti aliwahi kuleta bomba la zamani lililopakwa zinki anataka kutengenezea stendi. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 hivi na chuma kinayeyuka karibu 1,500, kwa hiyo kabla chuma hakijawa tayari zinki imeshageuka moshi mweupe unaingia kifuani, na usiku unashikwa na homa na baridi kama unaumwa sana. Bomba likarudi pembeni, tukatumia chuma cheusi. Tenki au dumu lililowahi kuwa na mafuta halisogei hata karibu na sehemu yetu, hata likiwa limeoshwa, hapo sina mjadala na mtu.

Nguo ni pamba nzito au ngozi, mikono mirefu mpaka kifundo, vifungo vya shingoni vimefungwa maana ile sehemu ya shingo inaungua kama jua kali. Nguo za nailoni zinayeyukia kwenye ngozi. Glavu zilizokuja kwenye boksi ni kubwa na ngumu, mtoto akizivaa hahisi holda, anaibana kwa nguvu zote na dakika tano mkono unatetemeka. Tafuta za ngozi laini saizi ndogo, zipo, ni zile za kuchomelea kwa gesi ya agoni (TIG), ni nyembamba kidogo ila kwa ampia 80 na rodi moja moja zimetutosha. Ndoo ya mchanga na kizimamoto vipo karibu, na tukimaliza kuna mtu anabaki pale nusu saa au zaidi anaangalia kama kuna cheche imejificha. Hiyo kazi ni ya zamu na mimi nina zamu yangu.

Babu yao ana kifaa cha moyo kifuani. Alitamani sana kuja kukaa karibu awaone wajukuu, nikamuomba kwa heshima, mzee wangu, tumuulize daktari kwanza, na daktari akasema akae mbali. Tukaanza kumrekodia kwa simu, anaangalia alafu anapiga simu kumsifia mmoja mmoja.

Sasa kasoro za mashine, na zipo. Waya wa holda na wa ethi (ule unaobanwa kwenye chuma unachochomea) ni mfupi mno, mita moja na nusu hivi, kwa hiyo mashine inabidi ikae karibu na mtoto, karibu na cheche, na mtoto akigeuka anaivuta. Nimebadilisha zote nikaweka mita tatu. Klipu ya ethi iliyokuja nayo ni bati lililokunjwa, haibani vizuri, moto unakatika katika na mwanafunzi anafikiri kosa ni lake. Hii imeniudhi kuliko zote, kwa sababu mtoto hajui kutofautisha kosa la mkono na kosa la klipu. Nunua klipu nzito siku hiyo hiyo, na sehemu ya kubana isuguliwe kutu mpaka chuma king'ae. Holda ni ya plastiki ngumu, nzito kwa nyuma, imepasuka mwezi wa saba. Feni inavuta kila kitu, kwa hiyo usikate na grainda karibu na mashine, vumbi la chuma likiingia kwenye saketi umeiua. Kijitabu cha maelezo ni kurasa nne na hakina chochote cha maana kuhusu usalama.

Umeme. Kwenye ampia 85 haijawahi kuangusha swichi ya nyumbani, nimeichomeka kwenye soketi yake peke yake yenye ethi. Ekstensheni iwe ya waya mnene wa milimita mraba 2.5 na uikunjue yote, ikiachwa imezungushwa kwenye gurudumu inapata moto. Na ufundishe mapema kwamba kati ya holda na chuma, hata kama hakuna moto, kuna volti kama 65 au 70 zinangoja, glavu iliyolowa jasho sio kinga, rodi inatolewa kila holda inapowekwa chini, na mvua ikianza tunafunga. Mimi nakaa karibu na swichi ya ukutani muda wote mtoto anapochoma. Sishiki simu.

Wameniuliza kwa nini nisingenunua ile ya waya unaojisukuma wenyewe kwa kubonyeza kitufe, kwamba ni rahisi kwa watoto. Ni kweli, siku moja tu mtu anatoa mshono wa kuvutia. Ila waya ukijisukuma wenyewe mkono haujifunzi kushuka, na mshono wa kuvutia juu unaweza kuwa haujaingia ndani, mwanafunzi hajui. Rodi haifichi kosa lako namna hiyo. Huwa tunakata vipande vya mazoezi katikati kwa grainda, nakata mimi, tunaangalia kama chuma kimeshikana mpaka ndani, na siku nyingine tunabana kwenye jiriwa tunagonga na nyundo mpaka kipinde. Mshono wa mama yao ulipinda bila kupasuka. Wa kwangu niliouchoma kwa haraka siku hiyo ulipasuka na watoto hawakuusahau.

Mpaka sasa wametengeneza meza ya kazi tunayochomelea juu yake, stendi ya baiskeli, na bawaba mbili za mlango wa nyuma ambazo mama yao alizichoma mwenyewe nikiwa kazini, binti amekaa kwenye swichi, na walinipigia simu kwanza kuniambia helmeti ni ngapi na vichwa ni vingapi.

Nyota zangu: mashine 4, helmeti ya sensa nne 5, vilivyokuja ndani ya boksi 2. Kwenye kirungu cha ampia binti yangu ameweka alama ya rangi nyeupe kwenye 85, alama yake ya bamba nene la kulala. Mwezi uliopita ameongeza ya pili kwenye 70, ya mshono wa kupanda wima, bado unamdondokea lakini kila jumamosi anaupandisha sentimita mbili zaidi.